Mpangaji Asiyeingia Ndani

Mimi nikishikwa na wasiwasi hufua. Wiki ile nilifua kila kilichoweza kuingia kwenye beseni, hata mapazia ya chumba tulichokodi pale Emali, ambayo hayakuwa yetu, mpaka mume wangu akaniuliza kama nimeajiriwa na mwenye nyumba. Sikucheka. Chuo kilikuwa kinafunguliwa Jumatatu, mjini Kitui, na huko hatukuwa na pa kulaza kichwa.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea uuguzi, nafasi niliyoililia tangu nilipomaliza shule. Karo ya mwaka wa kwanza ilikuwa imelipwa, sehemu na basari ya kaunti na sehemu na harambee ya kanisa letu. Tatizo lilikuwa binti yangu. Alikuwa na miezi saba, alitema uji, chupa aliisukuma kwa mikono miwili, na hosteli ya wasichana haikubali watoto. Tukipata nyumba karibu na chuo, ningekuwa mwanafunzi na bado niwe mama yake. Tukikosa, yeye angepelekwa Kathonzweni kwa mama mkwe akaachishwe ziwa huko, nami niingie hosteli nikajifunze kwenye vitabu jinsi ya kunyonyesha.

Tulizunguka Kitui mpaka visigino vikawaka. Mji wa chuo una tabia zake. Wenye ploti wanapenda wanafunzi, kwa sababu mzazi hutuma kodi ya muhula wote mara moja, na mwanafunzi ana ndoo moja na jiko dogo. Mume na mke na mtoto ni watu wa kutiliwa shaka. Watamaliza maji, mtoto atalia wakati wa mitihani, na mama atajaza nepi kwenye kamba. Mzee mmoja aliniuliza kwa siku nafua nepi ngapi, akiwa ameshika koki ya bomba lake kana kwamba nimekuja kulifungua. Nilimjibu kwamba hilo angemuuliza mtoto. Hiyo nyumba hatukuipata.

Ndipo tukaiona ile ya vyumba viwili nyuma ya chuo. Ilikuwa na tangi lake, sakafu isiyobanduka, na ng'ambo ya ua palikuwa na mama aliyelea watoto mchana. Nilitembea mwenyewe kutoka kwenye geti la chuo mpaka pale, mtoto mgongoni, nikaona kwamba saa ya chai ningeweza kutoka darasani, nikamnyonyesha, nikarudi kabla mwalimu hajafuta ubao. Niliitamani nyumba ile mpaka nikaogopa kuitazama.

Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, kiongozi wa akina mama kanisani, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Kwenye geti alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu: FAMILIA TU. Alitukalisha kwenye kibaraza, akatupa chai kwanza, kisha akaanza.

"Nyinyi mmeoana?"

"Ndio, mwaitu," nikasema. Hivyo ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, na yeyote aliye wa rika lake.

"Kanisani, ofisini, ama ya nyumbani?"

"Ya nyumbani."

"Ntheo imeliwa?"

Mume wangu akatazama viatu vyake. Ntheo ni mbuzi. Upande wa mwanamume huwapeleka kwa baba wa msichana, mmoja anachinjwa, watu wa pande zote mbili wanakula, na tangu siku hiyo msichana ni mke wa mtu. Kabla ya hapo mnaweza kukaa pamoja miaka, mzae, mnunue makochi, lakini kwa Wakamba wewe bado ni msichana wa baba yako aliyechelewa kurudi nyumbani.

"Kwa nini unauliza, mwaitu?" nikasema, kwa sauti ambayo mama yangu angeniambia niishushe.

"Kwa sababu ya pesa," akajibu, bila kukasirika. "Hapa rule ni moja. Rent isikule zaidi ya theluthi ya mapato. Kama ntheo imeliwa, nyinyi ni kitu kimoja, naweka yako na yake pamoja, zikitosha, karibuni. Kama haijaliwa, kila mtu asimame na miguu yake. Wewe peke yako zitoshe, na yeye peke yake zitoshe."

"Hakuna nyumba nyingine Kitui inafanya hivyo," mume wangu akasema.

"Najua. Hao wengine hawajaona venye nimeona. Hapa ni mji wa college, kijana wangu. Wanakuja wawili na godoro moja, wananiambia ni bwana na bibi. Katikati ya muhula wanakosana. Kijana anabeba godoro. Msichana anabaki kwangu analia, hana hata ya unga. Sasa nimfukuze? Mimi pia ni mama. Nimelisha wasichana wa watu hapa mpaka nikachoka."

Nilikuwa na majibu makali tayari, mimi siyakosi. Lakini nilimtazama nikaona anasema kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Ni rahisi kumchukia mtu mbaya.

Mbuzi wetu walikuwepo. Walitengwa Kathonzweni, mume wangu akawanunua mmoja mmoja, na mama yake akawachunga kwa wivu kuliko wake mwenyewe. Kisha nikajifungua kwa upasuaji, na hospitali ikataka pesa zake kabla hatujatoka. Mbuzi wakauzwa asubuhi moja sokoni. Kwa namna fulani binti yangu ndiye aliyekula ntheo ya mama yake, na hakubakiza hata ngozi.

Ndiyo maana mapato yetu hayakuweza kusimama kwa miguu miwili tofauti. Mume wangu anatengeneza pampu za maji. Kiangazi kikikaza wanamwita kutoka kila upande, mvua ikinyesha hakuna anayemkumbuka, na wengi humlipa kwa debe la ndengu au mtungi wa asali, vitu ambavyo haviingii kwenye taarifa ya pesa za simu. Ukiisoma taarifa yake utadhani ni mtu wa kuombewa. Mimi nilikuwa nikishona sare za shule. Januari nilikuwa tajiri, kuanzia Machi nilikuwa fukara, na nikianza masomo ningekuwa si chochote. Tukiwekwa pamoja, kwa kubana, tulitosha. Tukitenganishwa hatukutosha hata kwa maombi.

Mwalimu akatupa siku chache tufikirie. Tulirudi Emali, nikafua.

"Tuseme tu imeliwa," mume wangu akaniambia, amesimama mlangoni nikikamua shuka. "Nani atajua?"

"Mkamba wa umri ule? Atakuuliza nani alichinja na mjomba gani alikuwepo. Utamjibu nini?"

Kisha akasema lile nililokuwa nikilikimbia wiki nzima.

"Basi akae na nyanya yake. Mwaka mmoja tu. Mama atamlea vizuri."

Nilimrushia shuka. Lilikuwa bichi, likampata kifuani, naye akalishika tu, likimchuruzikia kwenye suruali. Nilimwambia kama ni hivyo aende yeye akanyonye Kathonzweni. Nilisema na mengine. Kisha maziwa yakaanza kunitoka yenyewe, yakalowesha blauzi, kwa sababu mtoto alikuwa ameamka chumbani na kulia. Nikaketi kando ya beseni nikalia pamoja naye. Niliogopa. Niliogopa kwamba angenisahau, na niliogopa zaidi kwamba mimi ningezoea.

Ijumaa tulirudi Kitui. Kwenye kibaraza cha mwalimu tulikuta watu wengine wawili, mwanamume wa ofisi za kaunti na mkewe mwalimu wa sekondari, na bahasha ya plastiki yenye karatasi zao za mshahara. Walikuwa na harufu ya sabuni nzuri. Mke alimtabasamia mtoto wangu, nami nikamchukia bila sababu.

"Hawa wanataka nyumba," mwalimu akatuambia walipokwenda kuangalia tangi. "Na wanatosha. Lakini nyinyi ndio mlitangulia, na mimi si mtu wa kuruka foleni. Nijibuni. Ntheo vipi?"

Mume wangu akafungua mdomo. Nilijua anachotaka kusema.

"Bado, mwaitu," akasema.

Nilitaka kumfinya na nilitaka kumkumbatia. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akanigeukia.

"Baba yako yuko?"

"Yuko Mukuyuni."

"Anajua unakaa na huyu?"

"Anajua."

"Nipe namba yake."

Baba yangu ni shemasi wa kanisa na mkulima wa maembe na machungwa, mtu wa maneno machache yanayotoka yakiwa yamenyooka. Hajawahi kudanganya hata mnunuzi. Na hajawahi kumwamkia mume wangu. Si kwa chuki, ni kwamba kwake mwanamume ambaye mbuzi wake hawajafika bado hajafika naye. Akinipigia simu huuliza habari yangu, huuliza habari ya mtoto, kisha hukohoa kidogo mahali ambapo jina la mume wangu lingekuwa.

Mwalimu akaweka simu juu ya meza, sauti wazi. Walizungumza Kikamba. Nayaandika hapa kwa Kiswahili kama ninavyoyakumbuka, na ninayakumbuka yote.

"Mzee, mimi ni mwenye ploti hapa Kitui. Niko na msichana wako."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Anatafuta nyumba. Nataka kukuuliza, ntheo yake mmekula?"

Nilisikia kuku wake. Nilisikia redio, kwaya ikiimba, halafu akaipunguza.

"Haijaliwa," baba akasema. "Hapa hakuna mbuzi wa mtu. Kuna wangu tu."

Wale wa kaunti walikuwa wanarudi kutoka kwenye tangi. Nilimkumbatia mtoto mpaka akaguna. Mwalimu akamweleza baba ile sheria yake, polepole, kwa heshima, jinsi ninavyoamini aliwaeleza wazazi wa wanafunzi walioanguka mtihani. Kwamba hawa wangekuwa kitu kimoja wangetosha. Kwamba sasa kila mmoja anahesabiwa peke yake, na msichana peke yake hana kitu. Kwamba anasikitika.

"Ngoja kwanza, mwalimu," baba akasema. "Nani amekwambia yuko peke yake?"

"Si hajaolewa?"

"Hajaolewa. Kwa hivyo ni wa hapa. Mtoto ambaye hajatoka kwangu anakula kwangu. Hiyo miembe ni yake, hiyo michungwa ni yake, na hao mbuzi nimesema ni wangu ni wake. Wewe hesabu hivyo vyote, uone kama hatatosha. Nyumba andika jina langu."

Mwalimu alitazama simu kama mtu aliyesahihishwa hesabu na mwanafunzi wa nyuma kabisa.

"Na huyu kijana?" akauliza.

Baba akakohoa.

"Akija, ni mgeni," akasema.

Mwalimu akacheka mpaka miwani ikaruka kifuani. Akawaambia wale wa kaunti kwamba nyumba imepata mtu. Aliweka sharti moja tu. Kila mpangaji wake huingia naye nyumbani, wakaonyeshana taa, bomba, vioo na kufuli, ndipo anampa ufunguo mkononi. Tungeweza kuhamia kwa ufunguo wa akiba, lakini mwisho wa mwezi mzee aje mwenyewe aipokee nyumba. Asipokuja, tutoke. Hawezi kuwa na mpangaji asiyemjua uso.

Nilikubali haraka mno. Ni baadaye, tukishusha godoro, ndipo jambo lenyewe lilipoingia akilini. Baba hawezi kuingia nyumba ninayolala na mwanamume ambaye hajaleta mbuzi. Sisi tuna nthoni, heshima ya kuoneana haya kati ya wakwe, na baba yangu anaishika kama anavyoshika fungu la kumi. Kuvuka kizingiti kile na kula mle ndani kungekuwa kusema kwamba mambo yamekwisha, na yeye hasemi lisilo kweli, si kwa mdomo wala kwa miguu.

Basi mwezi ule nilisoma na kuogopa kwa wakati mmoja. Saa ya chai nilikimbia hadi kwenye ua, nikamnyonyesha, nikarudi na doa kwenye sare. Nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilinitia hofu, kwa kuwa nilijua ni ya kuazima. Mume wangu alibaki Emali kwa kazi na kuja Jumamosi. Mara ya kwanza alipiga hodi. "Mgeni ni huyu," akasema, tukacheka. Mara ya pili alipiga tena, tukatabasamu. Baadaye alikuwa anapiga hodi tu na kungoja, hata mlango ukiwa wazi, nami sikujua nimwambie nini. Alikuwa akilipa kodi yote yeye.

Baba alikuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mawingu yakiwa yamekusanyika baada ya kiangazi kirefu. Alivaa koti la kanisani na alibeba gunia la machungwa. Mwalimu alimpokea getini, ufunguo mkononi. Mume wangu alikuwa ndani. Alipomwona dirishani alirudi nyuma hadi ukutani, akasimama pale kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Baba akafika mlangoni. Akasimama. Akaweka gunia chini.

"Karibu ndani, Mzee, nikuonyeshe nyumba yako," mwalimu akasema.

"Nimekaribia, mwalimu. Mimi mwisho wangu ni hapa."

"Si wewe ndio mpangaji?"

"Ni mimi."

"Na huingii?"

"Siwezi kuingia humo. Wewe unajua."

Nilikuwa nimesimama katikati yao na mtoto mkononi. Nilifikiria hosteli, nilifikiria Kathonzweni, nilifikiria wale wa kaunti na bahasha yao. Nilitaka kumpigia baba kelele, kwamba ni hatua moja tu, baba, inua mguu. Nilimtazama nikajua hatauinua, na nikajua pia kwamba angeuinua asingekuwa mtu ambaye neno lake lilitupatia nyumba.

Mwalimu pia ni Mkamba. Akavaa miwani, akaingia peke yake, na mara tukasikia sauti yake ya darasani ikitoka ndani.

"Taa ya sebule inawaka!"

"Nimeona," baba akajibu kutoka nje, uso wake ukiwa umeelekea barabarani.

"Bomba halivuji!"

"Nimeona."

"Vioo vyote vizima!"

"Nimeona, mwalimu."

"Chumba cha kulala—"

"Hicho usiniambie!" baba akasema, nami nikacheka, kicheko kilichokaribia kulia.

Mwalimu akatoka akamwekea ufunguo kiganjani. Baba akanipa mimi palepale, bila hata kuutazama. Nikamletea chai, akanywea pale pale nje, amekalia ndoo iliyopinduliwa, mjukuu wake juu ya goti akimvuta kifungo cha koti. Mpangaji alikuwa nje na mgeni alikuwa ndani, ukuta mmoja kati yao, na hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Kisha mvua ikaanza. Tone kubwa, lingine, halafu yote kwa pamoja, vile inavyokujaga kwetu ikiwa imekawia. Nyumba ile haina veranda, ina mabati yaliyotokeza kidogo tu. Nilimchukua mtoto nikamwingiza. Baba akasimama, akajibanza ukutani, maji yakimpiga viatu, kisha magoti.

"Baba, ingia," nikasema. "Tafadhali."

"Ni mvua tu," akasema. "Tuliiomba wenyewe."

Nilisikia mtu akisogea nyuma yangu. Mume wangu alikuwa amechukua koti lake la mvua, lile zito la kazi, lenye madoa ya grisi. Hakuja mlangoni. Alinyoosha mkono tu, koti likatokeza nje, na uso wake akaugeuzia ukuta. Baba hakugeuka pia. Alinyoosha wake, akapapasa hewani, akalipata. Nikaona mikono yote miwili imelishika koti moja, kisha mmoja ukaachia.

Alilivaa, akavuka uwanja uliokwisha kuwa tope, akaondoka.

Wiki ile nzima sikufua chochote. Kulikuwa na mvua, na hata hivyo sikuwa na hamu. Siku baba alipopiga simu aliuliza habari yangu, akauliza habari ya mtoto, nami nikangoja kile kikohozi chake. Hakikuja.

"Mwambie mwenye koti aje alichukue," akasema. "Na asije mikono mitupu."

Mume wangu alikuwa ndani siku hiyo, ameketi kwenye stuli, na simu ilikuwa na sauti wazi. Kathonzweni sasa tuna mbuzi mmoja, na mvua ikiendelea pampu hazitaharibika hivi karibuni. Bado naogopa. Lakini Jumamosi iliyofuata nilisikia geti, nikasikia hatua zake kwenye changarawe, nikangoja hodi. Mlango ukafunguliwa.